Barua moja kwa miti miwili: mti hukulia wapi?

Katika ua wa msikiti wa mtaa wetu palikuwa na miti miwili iliyopandwa na mkono mmoja: mnazi upande wa kibla na mwembe karibu na birika. Aliyeipanda aliiweka wakfu kabla ya kufariki, Allah amrehemu. Kwa miaka mingi nazi na maembe yake yaliuzwa mlangoni baada ya sala ya Ijumaa, na fedha zake zikanunua mikeka na balbu, na mara nyingine zikalipia maji.

Nyaya za umeme zilipopitishwa juu ya ua, kamati iliamua miti hiyo ipunguzwe. Kazi ya kuandika barua ni ya katibu, na sisi ndio tulioiandika. Tulimwandikia fundi sentensi moja tu: tunaomba miti yote miwili ikatwe vilele ili isifikie nyaya. Kijana alikuja siku ya kazi na msumeno wake wa injini, wazee wanaoijua minazi wakiwa katika shughuli zao, akatenda kama barua ilivyosema. Kilele cha mnazi kilipoanguka, watoto wa madrasa walishangilia, wakapasua katikati yake, wakatoa shaha, wakagawana na kula. Alasiri tulikuta ua umefagiwa. Tulimshukuru kijana na kumlipa.

Miezi sita baadaye mwembe ulikuwa umejaa matawi machanga kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mnazi ulikuwa nguzo. Mjane wa marehemu akaja kutuuliza. Bibi huyu hajawahi kupandisha sauti mbele yetu, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Mwanangu katibu," alisema, "barua yako nimesomewa. Miti miwili, barua moja. Huko chuoni hawakukufundisheni kwamba mnazi una roho moja?"

Hawakutufundisha. Tulisoma fiqhi, nahau na sira, na tunamshukuru Mola kwa hayo, lakini hatukuwahi kuuliza mti hukulia wapi. Baada ya siku ile tulimwendea bwana shamba, tukasoma vitabu vya elimu ya mimea, tukafanya majaribio madogo nyumbani pamoja na watoto. Makala hii ni sehemu ya deni letu kwa yule bibi, na huenda ikaokoa mti wa familia nyingine.

Msumari ulio pale pale

Mtoto wa binadamu hukua mwili mzima. Mkono hurefuka, mguu hurefuka, na alama ya urefu tuliyomwekea ukutani mwaka jana leo iko chini ya kichwa chake. Kwa sababu hiyo tumezoea kudhani kwamba mti nao hukua hivyo, shina zima likijivuta kwenda juu. Sivyo. Pigilia msumari kwenye mwembe usawa wa kifua chako, kisha urudi baada ya miaka 20. Mwembe utakuwa umerefuka sana, lakini msumari utaukuta usawa ule ule, labda umemezwa na gome. Sehemu ya shina iliyokwisha kurefuka hairefuki tena.

Mmea unaotoa maua hukua katika sehemu chache maalumu, na sehemu hizo wataalamu huziita meristemu. Jina hilo lilitolewa mwaka 1858 na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Karl Wilhelm von Nägeli, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kugawa. Lilimfaa, kwa kuwa kazi ya seli za mahali hapo ni kugawanyika. Seli moja huwa mbili; moja hubaki hapo hapo ili igawanyike tena, na nyingine husukumwa pembeni, hurefuka, kisha hugeuka kuwa sehemu fulani ya mmea. Kwa njia hiyo ncha inayokua haiishi. Ni mfano wa duka linalouza kila siku bila kugusa mtaji.

Karibu miaka 100 kabla ya Nägeli, mwaka 1759, Mjerumani Caspar Friedrich Wolff alikuwa ameandika kuhusu ncha hizi. Wakati huo wanazuoni wengi wa Ulaya waliamini kwamba viungo vyote vya kiumbe vimo tayari tangu mwanzo, vimekunjwa vidogo mno, na kazi iliyobaki ni kukunjuka. Wolff alichungulia kwa hadubini akaona katika ncha ya mmea kitu laini kisicho na umbo la jani, na pembeni yake majani yakianza kama vivimbe vidogo. Jani halikuwamo. Lilikuwa likiundwa.

Jambo hili familia inaweza kulishuhudia mezani. Chukua maharage machache, uyalaze katika pamba mbichi siku mbili au tatu hadi mzizi ufikie urefu wa kucha. Kwa kalamu ya wino na uzi mwembamba, weka mistari midogo kuanzia nchani kwenda juu, kila mmoja umbali wa milimita moja. Rudisha maharage kwenye unyevu, usubiri siku moja au mbili. Mistari ya juu itakuwa pale pale ilipowekwa. Iliyo nyuma kidogo tu ya ncha itakuwa imeachana sana, mingine imefutika kwa kuvutika. Tulipofanya hivyo nyumbani kwetu, binti wa miaka tisa alisema mzizi unakua kama dawa ya meno inayotoka kwenye tyubu. Si mfano kamili, lakini hatukuwa na ulio bora.

Ncha yenyewe ya mzizi huvaa kofia ya seli zinazolainisha njia katika udongo. Seli za nje huchubuka kila siku, na mpya huzalishwa kutoka ndani. Katika kofia hiyo mna pia chembe nzito za wanga zinazotua upande wa chini wa seli, na kwa hizo mzizi hutambua chini ni wapi. Ndiyo maana mbegu iliyopandwa kichwa chini haipotei njia.

Kutoka seli moja hadi makumbi

Seli za meristemu hufanana zote: ndogo, zenye ukuta mwembamba, zimejaa uhai. Zinapoachwa nyuma na ncha ndipo hupewa kazi, na kazi hizo kwanza hugawanyika katika makundi matatu. Seli za nje kabisa huwa ngozi ya mmea. Ule utando mwembamba unaobanduka kati ya maganda ya kitunguu unapopika ndio ngozi hiyo. Zilizo ndani, kwa safu ndefu kama nyuzi, huwa mishipa: zailemu inayopandisha maji na chumvi za udongo, na floemu inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani. Zilizobaki hujaza nafasi. Humo ndimo wanga wa muhogo unamowekwa, na humo ndimo hutoka seli za kutia nguvu.

Hizi za kutia nguvu kila nyumba ya pwani inazijua bila kujua jina lake. Kamba ya makumbi ni seli ndefu zilizojenga ukuta mnene, zikajitia ugumu, kisha zikafa. Chengachenga unazozisikia kwenye meno unapokula pera ni seli za namna hiyo, ila fupi, zilizoganda kama mawe. Mishipa ya zailemu nayo haianzi kupitisha maji mpaka seli zake zife na kubaki mirija mitupu. Jambo hili lilitushangaza kuliko yote tuliyosoma: sehemu kubwa ya mbao ya mti ulio hai ni seli zilizokufa zikiwa kazini.

Majani yanapoundwa nchani, katika kila kwapa la jani huachwa jicho, yaani meristemu ndogo iliyolala. Jicho hilo ndilo akiba ya tawi. Mama anayechuma ncha za maboga kwa ajili ya mboga analijua hili kwa vitendo: ukikata ncha, mboga haifi, bali wiki ijayo hutoa ncha mbili tatu kutoka kwenye makwapa ya chini. Mrehani na asumini vivyo hivyo. Sababu ni kwamba ncha ya juu hushusha homoni iitwayo oksini, na macho ya chini huendelea kulala maadamu homoni hiyo inapita. Mwaka 1933 huko California, Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha ya mmea wa jamii ya maharage na kuweka oksini mahali pake. Macho yakabaki yamelala kana kwamba ncha bado ipo.

Hapo ndipo palipokuwa na kuokoka kwa mwembe wetu. Msumeno uliondoa ncha nyingi kwa mara moja, na macho yaliyokuwa yamelala makwapani na chini ya gome yakaamka. Tulidhani tumeupunguza. Kwa kweli tuliuongezea matawi.

Mimea mingine imefichiwa ncha yake mahali ambapo jino wala panga halifiki kwa urahisi. Nyasi hukua kwenye kitako cha jani na kwenye vifundo, ndiyo maana mbuzi hula leo na wiki ijayo akapata tena. Mgomba ncha yake imo ardhini, ndani ya kisiki. Kinachoonekana kama shina ni mashina ya majani yaliyokumbatiana. Kata mgomba mchanga asubuhi, na kabla ya jua kuzama utaona katikati jani likisukumwa juu. Lakini siku ncha hiyo inapogeuka kuwa ua, haiwezi tena kurudi kutoa majani. Hupanda katikati ya shina, hutoka juu kama mkungu, na baada ya mkungu mgomba huo hufa, ukiwaachia nafasi vichipukizi vilivyo kisikini.

Pete isiyoonekana

Kurefuka ni nusu ya habari. Mwembe, mwarobaini, mfenesi, mkarafuu na miti mingine ya namna yao hunenepa pia, na unene huo hutoka katika meristemu ya pili iitwayo kambiamu. Ni pete nyembamba mno kati ya gome na mbao, unene wa seli chache, isiyoonekana kwa jicho. Kila seli yake ikigawanyika hutoa ama zailemu kwa upande wa ndani, ama floemu kwa upande wa nje. Mbao yote ya mlango wa nyumba yako ilitoka katika pete hiyo.

Hapa tunaomba wasomaji watusikilize kwa makini, maana madhara yake tunayaona kila mtaa. Mwarobaini ulio karibu na msikiti wetu huchunwa gome kwa ajili ya dawa. Kila mwenye homa huja na kisu. Akichukua kipande kimoja upande mmoja, mti una njia nyingine za kupitisha chakula, na kambiamu ya pembeni hufunika jeraha polepole. Lakini wachunaji wakizunguka shina pande zote, floemu hukatika yote, na kambiamu huondoka pamoja nayo. Majani hubaki ya kijani kwa muda, kwa sababu maji bado hupanda ndani ya mbao, na watu husema mti hauna neno. Huku chini mizizi haipati sukari. Inakufa kwa njaa, kisha mti mzima hukauka. Waya wa kuanikia nguo uliofungwa kulizunguka shina na kusahauliwa huweza kufanya kazi hiyo hiyo, kadiri shina linavyonenepa likajinyonga.

Pete hiyo hiyo ndiyo siri ya kubebesha. Kitawi cha mwembe mzuri hushika juu ya mche wa mwembe wa kienyeji ikiwa kambiamu ya kimoja imegusana na ya mwingine. Ikipishana, kitawi hunyauka. Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, ambayo leo ni Seville ya Hispania, aliandika Kitab al-Filaha, na humo akaeleza kwa urefu namna za kuunganisha miti. Hakuwa na hadubini, na jina la kambiamu halikuwapo. Mafundi wa zama zake walijua tu kwamba ngozi kwa ngozi ndipo kazi hushika. Tunakiri kwamba tulipokutana na jina lake katika vitabu hivi, tulijisikia fahari na aibu kwa pamoja, kwa kuwa kitabu chake hatukuwahi kukifungua.

Roho moja

Sasa turudi kwenye mnazi.

Mnazi hauna kambiamu. Mishipa yake haikupangwa katika pete, bali imetawanyika katika shina zima, na ndiyo maana ukiukata unaona vidoa vyeusi kila mahali. Zile ngazi ambazo mkwezi huchonga ubavuni mwa shina hazipandi, hazinenepi wala hazifunikwi. Alizochonga babu ndizo mjukuu anazokanyagia, kwa usawa ule ule. Mnazi huvumilia jeraha hilo kwa sababu mishipa mingine iko ndani, lakini hauna uwezo wa kuliponya. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna fundi anayebebesha mnazi.

Na macho ya makwapani? Yapo. Kila kuti lina lake. Lakini katika mnazi jicho hilo halitoi tawi, isipokuwa kwa nadra kubwa. Hugeuka kuwa karara. Karara hupasuka, upunga hutoka, na vidaka huanza safari ya kuwa vitale, madafu, makoroma na nazi, safari ya takriban mwaka mzima. Macho yote ya mnazi yametolewa kwa ajili ya mazao. Hakuna hata moja lililowekwa akiba kwa siku ya msumeno.

Kinachobaki ni ncha moja, juu kabisa, imezungukwa na makuti machanga meupe ambayo hayajaona jua. Makuti yote, takriban moja kila mwezi kwa mnazi wenye afya, hutoka hapo. Shina lote lilitoka hapo. Nazi zote zilitoka hapo. Sehemu hiyo laini ndiyo shaha, ambayo watoto wa madrasa waliila siku ile, na kwa haki walisema ni tamu. Wapwani walikula shaha tangu zamani, lakini walikula la mnazi ulioanguka au uliokwisha kuamuliwa kukatwa. Bibi alipotuambia mnazi una roho moja, alikuwa akisema kwa maneno manne yale tuliyoyapata sisi kwa kusoma miezi mitatu.

Mdudu chonga, yule mweusi mwenye pembe, naye huijua njia ya kwenda kwenye roho hiyo. Hutoboa kati ya makuti yaliyokunjwa na kufyonza utomvu wa tishu laini. Akikosa ncha yenyewe, kuti linapokunjuka huonekana limekatwa kwa mshazari kama kwa mkasi, na mnazi huendelea kuishi. Akiipata, mnazi umekwisha. Tena hutaga mayai yake katika magogo ya minazi iliyokufa na kuoza. Kwa hiyo nguzo tuliyoiacha imesimama uani kwa miezi sita, kwa aibu ya kutotaka kuigusa, ilikuwa inaandaa malazi ya chonga kwa minazi ya majirani. Hilo lilikuwa kosa letu la pili, na halikuandikwa katika barua yoyote.

Nguzo hiyo tumekwisha kuiangusha. Sehemu ya nje ya shina, iliyo ngumu kuliko ya katikati, imepasuliwa ikawa mihimili ya kibanda cha viatu. Iliyobaki imechomwa. Kwenye mwarobaini tumetundika kibao kinachoomba gome lisichunwe kulizunguka shina, na mwenye dawa achukue majani. Katika daftari la kamati tumeandika kwamba mti wowote wa wakfu usiguswe mpaka aliyeupanda, au jamaa yake, aulizwe kwanza.

Bibi ametuletea mche kutoka shambani kwake, na tumeupanda mahali ambapo nyaya hazipiti. Una majani manne. Shina bado halijaonekana, na halitaonekana kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mnazi hujenga kwanza upana wake wote chini, usawa wa ardhi, ndipo uanze kupanda. Haunenepi baadaye kama mwembe. Watu wa mtaani wanauliza mbona haukui. Bibi huja kila Ijumaa kuutazama, nasi mara ya kwanza tulimweleza kwa urefu habari ya upana huo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo alilijua kabla sisi hatujazaliwa, akaomba kopo la maji amwagilie.